Popo wa Pemba na Deni Letu

Gorila wa milimani, wakaao katika misitu ya Kongo, Rwanda na Uganda, hawakosi marafiki. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba wamepita 1,000, na watu wa nchi nyingi walishangilia. Nasi twashangilia. Lakini yafaa tujiulize: je, mnyama huyu twamlinda kwa kuwa ni kiumbe, ama kwa kuwa sura yake yafanana na yetu na wageni hulipa fedha nyingi ili wamwone?

Kisiwani Pemba yuko popo mkubwa asiyepatikana penginepo duniani. Wengi hawamwoni kuwa mzuri. Hula maembe ya watu. Na nyama yake ilikuwa kitoweo tangu zamani. Misitu ilipokatwa kwa ajili ya mikarafuu na mashamba mengine, na bunduki zilipoongezwa juu ya mitego, popo walipungua hata mwishoni mwa miaka ya 1980 wakawa karibu kutoweka. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Hasara kama hiyo haifidiwi upesi.

Tangu miaka ya 1990 Serikali ya Zanzibar, pamoja na mashirika ya nje, iliwaendea watu wa vijiji. Mahali kama Kidike, wenyeji wenyewe wakawa walinzi wa miti wanamolala popo. Hesabu ya miaka ya 2000 ilionyesha popo zaidi ya 20,000. Ni kweli kwamba wageni huja Kidike kuwatazama, lakini mapato hayo hayalingani hata kidogo na yale ya gorila.

Wako watakaosema: binadamu ana njaa, popo wa nini? Twajibu kwamba popo huyu hueneza mbegu za miti ya msituni. Hata hivyo, tusitegemee faida peke yake, maana siku faida ikikoma, ulinzi nao utakoma. Mtu ana ruhusa ya kutumia viumbe. Ruhusa ya kuvimaliza hakupewa.

Tena tukumbuke ni nani aliyelipa gharama. Aliyeacha kitoweo chake hakuwa tajiri wa mjini, bali mkulima wa Pemba. Basi sisi tunaosifu wanyama kwa maneno matupu, tukiwaachia maskini mzigo wote, tuone haya. Apendaye msitu na asaidie kuwalisha majirani wa msitu.