Koleo Kwanza, Kisu Baadaye

Mgema wa Kwale hapandi mnazi na vifaa kumi. Kiunoni huchomeka kotama moja, pana, iliyopinda kidogo, iliyonolewa hadi inaweza kunyoa nywele za mkono. Akifika juu hukata ncha ya panda kipande chembamba mno ili utomvu uendelee kutoka, humimina tembo iliyojikusanya, hushuka. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Kazi ni moja, na kotama inaitosheleza.

Wengi wetu hatuna siku ya namna hiyo. Bodaboda wa Ukunda huamka asijue kama leo atakaza skrubu ya kioo, atakata kamba ya mzigo au atachomoa msumari kwenye tairi. Mvuvi wa Gazi ana ndoana iliyomezwa na changu, mshipi uliojisokota na plagi ya mashine iliyogoma. Hao ndio wanaohitaji kifaa cha mfukoni chenye mambo mengi, na swali ni lipi kati ya hayo mengi liwe moyo wake.

Karl Elsener wa Uswisi alipokisajili kisheria kisu chake cha maafisa mwaka 1897, moyo ulikuwa kisu. Tim Leatherman, Mmarekani, alizunguka Ulaya mwaka 1975 na gari lililomsumbua kila mara. Kisu alikuwa nacho mfukoni, alichokosa ni koleo. Kifaa chake, koleo yenye visu na bisibisi ndani ya mipini, kilianza kuuzwa mwaka 1983. Mimi niko upande wa Leatherman, na sababu yangu ya kwanza si ya kifundi.

Huku kwetu watu hawajasahau Agosti 1997, fujo zilipozuka Likoni na kusambaa pwani ya kusini, na mapanga yakainuliwa juu ya majirani. Aliyeyaona hayo hatulii mtu asiyemjua anapofyatua kisu kirefu ndani ya matatu, hata kama anataka kumenya chungwa tu. Ana haki ya kuogopa, nasi tunaobeba vyuma mfukoni tuna wajibu wa kuiheshimu. Ukiomba kisu ufukweni utaulizwa, “Cha nini?” Ukiomba koleo, mtu hunyoosha mkono akakupa, na mara nyingi huja mwenyewe kukusaidia kushika upande wa pili. Zipo hata koleo za mfukoni zilizotengenezwa bila kisu kabisa.

Ama kwa upande wa ufundi, kinachonivutia si wingi wa vipande. Mtaka yote hukosa yote, na kifaa chenye vipande ishirini huwa kizito hadi kinaachwa nyumbani. Naangalia kama hufunguka kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili huwa umeshika kamba ya ngalawa. Naangalia kama kisu, kifupi tu, hujibana kikiwa wazi kisije kikarudi juu ya vidole. Na naangalia bawaba. Mchanga wa Diani ni laini kama unga, huingia kila mahali, na chumvi huufuata. Hata chuma cha pua huota madoa Msambweni ukikiacha na maji ya bahari. Kioshe kwa maji baridi, kikaushe, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Asiye tayari kwa hayo hata cha bei ghali kitamfia.

Ukienda dukani, usianze kupima makali kwa kidole gumba. Omba kipande cha waya, kibane kwa koleo, kisokote kwa nguvu zako zote. Midomo ikipishana, mrudishie muuzaji, hata akupunguzie bei.