Je, Mtungaji ni Mwongo?

Je, mtungaji wa visa vya nchi zisizokuwako ni mwongo? La. Mwongo huficha uzushi wake ili asadikiwe. Mtungaji huutangaza ubunifu wake, kisha hujifunga kwa sheria zake mwenyewe. J.R.R. Tolkien, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, alianza kutunga The Lord of the Rings mwaka wa 1937, akaimaliza mwaka wa 1949. Katika saa zilizosalia baada ya kufundisha, alipatanisha mwendo wa wasafiri wake na ramani, na usiku wao na umri wa mwezi. Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ya miaka 12. Uaminifu, basi, ni kutomdanganya mtu hata pale asipoweza kukukamata.