Mstari mmoja uliosogea

Mwaka 2006 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliowapa moyo madaktari wengi wa saratani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, akiwemo Dkt. Anil Potti na mlezi wake Joseph Nevins, walisema wamepata njia ya kusoma utendaji wa jeni ndani ya uvimbe na kutabiri dawa ipi itamfaa mgonjwa yupi. Aliyewahi kuuguza mtu wa saratani ataelewa furaha ile. Dawa za saratani ni kali, na mara nyingi daktari huanza na moja, akiona haikushika anahamia nyingine, huku mgonjwa anazidi kudhoofu. Ukiambiwa kipo kipimo cha kuondoa kubahatisha huko, utataka kuamini. Hata mimi ningetaka.

Kule Houston, Texas, madaktari wa kituo cha saratani cha MD Anderson walitaka kuitumia njia hiyo kwa wagonjwa wao. Wakawaomba wanatakwimu wawili wa hapo hapo, Keith Baggerly na Kevin Coombes, wawasaidie kuielewa. Wawili hao wakachukua data zilizokuwa wazi kwa kila mtu, wakarudia hesabu. Majibu yakakataa kufanana. Walipoweka orodha yao ya jeni kando ya ile iliyochapishwa, wakaona jambo la ajabu: majina yalikuwa yamesogea mstari mmoja. Programu iliyotumika ilihitaji orodha ya jeni isiyo na mstari wa kichwa. Orodha iliingizwa na mstari wake, nayo programu haikulalamika. Ikatoa orodha safi, yenye mpangilio mzuri, ya jeni zisizohusika.

Hilo lilikuwa dogo. Ili kompyuta ijifunze kutabiri, seli za maabara huwekewa alama: hizi zinaisikia dawa, hizi zinaikaidi. Kwa baadhi ya dawa, alama zile zilikuwa zimegeuzwa. Fikiria maana yake kwa mgonjwa: kipimo kinamwelekeza kwenye dawa ambayo uvimbe wake unaikaidi, tena kwa lugha ya uhakika. Isitoshe, katika orodha ya dawa ya cisplatin kulikuwa na jeni chache ambazo programu haikuzitoa kabisa, na ndizo ambazo waandishi walizitumia kueleza kwa nini matokeo yao yanaingia akilini kibayolojia.

Dalili za hatari hazikufichika, na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Baggerly na Coombes walichapisha barua yao katika jarida lile lile mwaka 2007. Walijibiwa kwamba njia ni nzima, na kwamba kasoro zilizoonekana hazibadilishi kitu. Kuanzia mwaka huo majaribio kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu na ya matiti yakaanza kufunguliwa. Mwaka 2008 mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akifanya kazi ndani ya maabara ya Potti aliandika wasiwasi wake kuhusu namna data zilivyokuwa zikishughulikiwa, akaomba jina lake liondolewe kwenye makala. Wakubwa walimshawishi asilifikishe suala hilo kwa taasisi iliyokuwa ikimfadhili. Akahama maabara na kurudia mwaka wa utafiti. Mwaka 2009 wanatakwimu wa Houston walichapisha uchambuzi kamili, majaribio yakasimamishwa, chuo kikaita wachunguzi kutoka nje. Lakini waraka mpya wa Baggerly, ulioonyesha makosa yanaendelea, haukuwafikia wachunguzi hao. Mapema 2010 majaribio yakafunguliwa tena.

Unajua kilichoyafunga? Si hesabu. Mwezi Julai 2010 jarida dogo la The Cancer Letter liliandika kwamba Potti alikuwa amejitangaza kuwa msomi wa Rhodes, ufadhili wa masomo wenye heshima kubwa, ilhali sivyo. Miaka mitatu ya majedwali iliyasimamisha kwa muda tu. Mstari mmoja wa wasifu ukatikisa wote. Ndivyo tulivyo. Uongo kuhusu cheo tunauelewa mara moja, kosa ndani ya jedwali tunawaachia wataalamu. Kufikia hapo zaidi ya wagonjwa 100 walikuwa wameandikishwa. Makala ya 2006 ilifutwa mwaka 2011, na mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti ilihitimisha kwamba Potti alighushi data; yeye hakukiri wala hakukana. Katika andiko moja ilidaiwa wagonjwa 6 kati ya 33 waliitikia dawa. Walioandikishwa walikuwa 4, na hakuna hata mmoja aliyeitikia.

Wengi wetu hatutaghushi. Lakini kusogeza mstari bila kujua? Hilo ni la yeyote kati yetu, hasa usiku, kazi ikiwa inadaiwa asubuhi. Programu ya Excel peke yake iligeuza jeni iliyoitwa SEPT2 kuwa tarehe ya mwezi Septemba, na utafiti wa mwaka 2016 ulikuta kosa la aina hiyo katika takribani moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ilibadilisha majina ya namna hiyo. Yaani ilikuwa rahisi zaidi kubadilisha majina ya jeni kuliko kutubadilisha sisi.

Nayasema haya kwa sababu elimu hii ya kuchambua data za jeni kwa kompyuta, yaani bioinformatiki, imeshafika kwetu Afrika. Kupitia mtandao wa H3ABioNet, kozi za bioinformatiki zilianza kufundishwa mwaka 2016 katika madarasa ya nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja, na vijana wanakaa mbele ya kompyuta wakichambua data wenyewe. Ni jambo la kushukuru. Ila mara nyingi zoezi la darasani huja na data iliyokwisha kusafishwa na jibu linalojulikana, na mwanafunzi anaondoka akidhani programu isipolalamika basi kazi ni sahihi. Kesho yake atapewa sampuli za wodini.

Basi, walimu wangu na wenzangu mnaoandaa mafunzo haya, wapeni wanafunzi jedwali lililosogea mstari mmoja, na jingine lenye alama zilizogeuzwa, wala msiwaambie. Waacheni walitafute kosa. Na yule atakayenyoosha mkono kusema hesabu hazikubali, hata kama ndiye mdogo kuliko wote chumbani, mpeni kiti cha mbele na mfungue faili pamoja naye.