Tazameni Tarakimu Ndogo ya Juu

Wanangu wa Jericho na Maringo, wa Kaloleni, Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, nyinyi mmezaliwa katika wakati wa namba kubwa. Sisi tulipokuwa vijana, mtu akitaja milioni hapa mtaani alikuwa anazungumza juu ya mali ya mtu mwingine. Siku hizi makanga anataja bilioni na trilioni huku akinikatia chenji ya shilingi kumi, na abiria wote wanaitikia kana kwamba kila mmoja amezihesabu. Nami nimeona hilo ndilo linalowaponza. Mnazisikia tarakimu, lakini ukubwa wake hamuusikii.

Namba yoyote kubwa inaweza kuandikwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni namba inayoanzia moja isiyofika kumi. Ya pili ni kumi yenye tarakimu ndogo juu yake, kipeo, inayosema hiyo kumi imezidishwa mara ngapi. Elfu ni 10³, milioni ni 10⁶, bilioni 10⁹, trilioni 10¹². Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 47.6, hao ni 4.76 × 10⁷. Mlifundishwa haya shuleni, mkayaandika kwenye mtihani, mkayaacha kwenye dawati. Rudini mkayachukue. Zile tarakimu za mbele ni rangi na muziki wa matatu. Kipeo ndicho namba ya ruti. Ukipanda kwa kufuata michoro, utajikuta umeshushwa Kayole na safari yako ilikuwa ya Buruburu.

Niwape mfano wa karibu, wa saiba. Nimeona orodha za vikundi vya vijana, vya kuzoa taka, vya mpira, vya basari, zikiandikwa kwenye Excel ili watu walipwe kwa simu. Kijana anaingiza namba zikianza na 254, kwa sababu ndivyo mfumo wa malipo unavyotaka. Namba hiyo ina tarakimu 12. Excel haijui kwamba hiyo ni simu ya mtu. Inadhani ni kiasi, tena kikubwa mno kuenea kwenye kisanduku. Basi inaifupisha na kuandika 2.54712E+11. Herufi E hapo ni njia ya mashine ya kusema “mara kumi kwa kipeo cha”, kwa kuwa haina nafasi ya kuandika tarakimu ndogo juu. Kuna wanaoiona wakadhani kompyuta imekosea, na kuna wanaoipita tu.

Mpaka hapo hakuna kilichopotea. Ukibofya kisanduku utaikuta namba nzima. Hasara huja pale orodha inapohifadhiwa kama CSV, faili la maandishi matupu ambalo mifumo mingi ya malipo hulitaka. Faili hilo huandika kile kinachoonekana tu. Ukilifungua tena, tarakimu sita za mwisho zimegeuka sufuri zote. Angalieni maana yake: kila mwanachama ambaye namba yake inaanza na 0712 sasa ana namba moja na wenzake wengi wa 0712. Watu arobaini wamebaki na namba chache, na hakuna hata moja iliyo ya mtu wao. Halafu mweka hazina anaitwa mwizi.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kubandika namba, iambie safu hiyo kwamba ni maandishi, au tangulia na alama ya ritifaa mbele ya namba. Lakini mjue pia sababu. Namba ya simu haina ukubwa. Hakuna anayeijumlisha wala kuigawanya; ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na jina haliwezi kukadiriwa. Kipeo ni cha vitu vinavyopimwa na kuhesabiwa. Namba ya kitambulisho, ya akaunti, ya mita ya stima, hizo zote ni majina. Na msione aibu, maana hata wasomi wakubwa wameingia shimo hilo. Mwaka 2004 wanasayansi wa Marekani walichapisha makala ya kuwaonya wenzao wanaochunguza jeni: sampuli iliyoitwa 2310009E13 ilikuwa ikigeuzwa na Excel kuwa namba ya kipeo, jina likawa kiasi, na huwezi kulirudisha.

Sisi mashine haikuweza kutufanyia hivyo, kwa kuwa hatukuwa nayo. Tulikuwa na kile kijitabu cha jedwali za logi, ambacho baadhi yenu mmekiona kwenye chumba cha mtihani. Ukitafuta 2 kwenye jedwali unapata .3010. Ukitafuta 20 unapata .3010. Ukitafuta 2,000,000, .3010 tena. Jedwali lilikupa tarakimu tu. Ukubwa ulikuwa juu yako. Wewe ndiye uliyeandika 0 mbele ya nukta, au 1, au 6, na kwa 0.02 uliandika mbili yenye kistari kichwani. Aliyekosea hapo alikuwa na tarakimu nne safi kabisa na jibu lililokosea mara elfu, na mwalimu hakumpa hata maki moja ya huruma. Sitaki mrudi huko. Kalkuleta ni kitu kizuri na mimi ninayo. Ila kazi ile ya kukaa na kujiuliza “jibu hili litakuwa la maelfu au la mamilioni?” ilikuwa shule kubwa kuliko jedwali lenyewe, na mashine imewaondolea bila kuwauliza.

Kwa hiyo jizoezeni kuifanya kichwani, hasa kwenye pesa za umma. Kuzidisha, unajumlisha vipeo, kugawanya, unatoa. Basi. Mwaka 2023 deni la Kenya lilipita shilingi trilioni 10. Hiyo ni 10¹³. Gawanya kwa watu wa sensa, 4.76 × 10⁷, unapata karibu 2.1 × 10⁵, yaani shilingi 210,000 kwa kila kichwa, pamoja na mtoto aliyezaliwa Pumwani usiku wa sensa. Hapo sasa unaweza kugombana na mtu kwa haki.

Au lipime kwa noti. Siku ya Madaraka ya 2019, Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi elfu zingekoma kutumika mwishoni mwa Septemba. Wakati huo zilikuwa zimezagaa nchini noti karibu milioni 217. Hiyo ni 2.17 × 10⁸. Muda ulipokwisha, noti kama milioni 7.4 hazikuwa zimerudi. Zidisha 7.4 × 10⁶ kwa 10³: shilingi bilioni 7.4 zikageuka karatasi. Watu walizungumzia hizo bilioni saba kwa mwaka mzima. Sasa lipeni lile deni kwa noti za elfu. Trilioni kumi ni noti 10¹⁰. Noti zote za elfu zilizokuwa nchini, za benki, za mifukoni, za chini ya godoro, zikikusanywa hazifiki hapo. Mngehitaji mafungu 46 ya ukubwa huo. Ndiyo kusema deni hilo halijawahi kuwa rundo la pesa mahali popote. Ni maandishi ya vitabu, na anayewaambia “zile trilioni zimefichwa” hajatazama kipeo.

Kuna na waheshimiwa wetu wa karibu. Mfuko wa maendeleo ya majimbo, NG-CDF, kwa nchi nzima umekuwa ukitengewa makumi ya bilioni kwa mwaka. Chukueni bilioni 60, 6 × 10¹⁰. Majimbo ni 290, tuseme 3 × 10². Kila jimbo, liwe Makadara, Kamukunji au Embakasi yoyote kati ya zile tano, linaangukia 2 × 10⁸: milioni mia mbili hivi. Mtu akisimama jukwaani akadai mfuko huo umemjengea kitu cha bilioni mbili kwa mwaka mmoja, anasema ametumia fungu la miaka kumi. Na kijana anayepiga kelele kwamba mbunge “amekula bilioni tano za basari” mwaka huu, naye amekosea kwa zaidi ya mara ishirini, na mwizi halisi wa milioni tano anatoka nyuma ya kelele hizo akitembea polepole. Hilo la pili linaniudhi kuliko la kwanza. Hasira isiyojua vipeo ni kinga ya mwizi.

Majirani zetu walionja vipeo kwa ulimi, pesa yao ilipopoteza thamani. Uganda, mwaka 1987, shilingi mia za zamani zilibadilishwa kwa moja mpya. Zaire, mwaka 1993, ilitoa zaire mpya moja kwa zaire milioni tatu za zamani. Na mwaka 1998, nchi ikiwa tayari inaitwa Kongo, faranga moja ikachukua mahali pa zaire mpya laki moja. Jumlisheni vipeo: 3 × 10⁶ mara 10⁵ ni 3 × 10¹¹. Faranga moja, bilioni mia tatu za zamani.

Sasa jakpoti. Najua nikiitaja mnatazama kando, lakini nitaitaja.

Jakpoti ya mechi 17 inaonekana kitu kidogo kwa sababu 17 ni namba ndogo. Kila mechi ina njia tatu: nyumbani, sare, ugenini. Njia za kujaza tiketi nzima ni 3 zikizidishwa mara 17, nazo ni 129,140,163. Andika 1.29 × 10⁸. Kwa shilingi mia kila tiketi, kuzifunika zote kunataka 1.29 × 10¹⁰, karibu bilioni 13. Mwaka 2017 kijana mmoja alishinda milioni 221, na picha yake ilizunguka kila base ya mtaa. Milioni 221 ni 2.2 × 10⁸. Bilioni 13 kwa milioni 221.

Utaniambia, mzee, mimi sibahatishi, mimi najua mpira. Sawa. Mechi za jakpoti huchaguliwa zile ngumu, timu zinazolingana. Tuseme wewe ni fundi, na katika kila mechi tano za namna hiyo unapatia mbili. Kuzipatia zote 17 kwa mkupuo ni bahati ya mara moja katika 5.8 × 10⁶. Ukicheza tiketi moja kila wiki, utasubiri kwa wastani zaidi ya miaka 100,000, na utakuwa umeweka milioni 580 kungoja milioni 221. Fundi huyo! Asiye fundi sitaki hata kumpigia hesabu.

“Lakini mtu alishinda.” Ndiyo, alishinda, na kipeo kinakubali. Tiketi zikiingia kwa 10⁶ na 10⁷, wiki baada ya wiki, mtu fulani atapatikana. Wenye mchezo wanauhesabu umati mzima. Wewe unajihesabu mmoja. Wote wawili mnatazama hesabu ile ile, ila wao wamesoma tarakimu ndogo ya juu na wewe umesoma picha ya hundi. Ile mia ya kila siku, sijui ni nani aliyewaambia ni ndogo. Mwaka una siku 3.65 × 10². Mara 10² ni 36,500. Huku mtaani hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa.

Nimesema sana juu ya vikubwa, na vidogo ndivyo vinavyoua. Kipeo chenye alama ya kutoa kinashuka: 10⁻³ ni sehemu moja katika elfu, 10⁻⁶ sehemu moja katika milioni. Jaa la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, na kufikia 2001 lilikwisha kutangazwa kuwa limejaa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa hapa Nairobi, lilitoa uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Si risasi ya bunduki. Ni madini, yale ya betri za magari na rangi za zamani. Kiwango chenyewe kilikuwa maikrogramu 10 katika mililita 100 za damu. Maikrogramu ni 10⁻⁶ ya gramu. Ukipiga hesabu, hiyo ni kama sehemu moja katika sehemu milioni kumi za damu, 10⁻⁷, kitu ambacho jicho halikioni na ulimi hauonji, nacho kinatosha kupunguza akili ya mtoto anayeendelea kukua. Marekani imeendelea kukishusha kiwango chake cha tahadhari, kikawa 5 mwaka 2012 na 3.5 mwaka 2021.

Watoto wale sasa ni watu wazima, na huenda baadhi yenu ni wao. Wenye watoto wadogo kando ya Mto Nairobi, Korogocho, Dandora, Kariobangi, mkipata nafasi ya kuwapimisha, msiridhike na kuambiwa “ni tano tu”. Tazameni kilichoandikwa baada ya hiyo tano. Kati ya miligramu na maikrogramu kuna 10³, na karatasi za maabara huzitofautisha kwa herufi moja ndogo. Mkiona haisomeki, rudini dirishani mkaulize kizio ni kipi, na msitoke kwenye foleni mpaka kiandikwe wazi.