Haki ya Kugeuza Kiumbe

Zamani wazee wa Kangema hawakuwa walaji wa samaki. Mto Mathioya Kaskazini ulipita karibu nao kwa kishindo, nao waliuacha upite na vilivyomo. Leo mambo ni mengine. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo miongoni mwa majimbo 140 ya uchaguzi, na tangu hapo perege, ambaye wengi humwita tilapia, amezoeleka hata katika miteremko ya majani chai na migomba.

Jirani yangu mmoja, mzee mwenye bwawa, aliletewa vifaranga akaambiwa kuwa wote ni madume. Alinijia jioni, akaniuliza, “Mwalimu, majike wamekwenda wapi?” Nilimjibu kwamba hawakwenda popote, wamo humo bwawani, ila wamefanywa madume. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Na watu walipewa na nani ruhusa hiyo?” Sikuwa na jibu la haraka, wala sidhani kwamba swali la namna hiyo lastahili jibu la haraka.

Sababu ya kuwageuza si siri. Perege huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu, na bwawa hujaa wadogo wasiokua. Jike huyaatamia mayai kinywani mwake, na siku hizo hujinyima chakula. Dume hukua upesi zaidi. Kwa hiyo vifaranga, mara waanzapo kula, hupewa chakula chenye miligramu 60 za homoni ya kiume katika kila kilo, kwa muda wa wiki tatu au nne, na karibu wote hutokea kuwa madume.

Linalonishangaza mimi ni jinsi jambo hili linavyowezekana. Tumezoea kusema kwamba kiumbe hurithi jinsia yake, na shauri likaishia hapo. Ni kweli kwamba perege jike hurithi kromosomu mbili za X, na dume X na Y. Lakini urithi huo ni agizo tu. Mtendaji ni kimeng'enya kiitwacho aromatesi, ambacho huichukua homoni ya kiume na kuigeuza kuwa estrojeni, homoni ya kike. Tazama ajabu hiyo: ujike wa samaki hufinyangwa kwa udongo ule ule wa udume! Samaki wengi wenye mifupa wana jeni mbili za kimeng'enya hiki, moja ya ovari na nyingine ya ubongo. Ile ya ovari ikizimwa, kifaranga mwenye X mbili hukua akawa dume. Hata joto la maji likipanda mno, kama kufikia nyuzi 36, nguvu yake hupungua, na baadhi ya vifaranga wa kike hugeuka pasipo mkono wa mtu.

Mwaka 2014 watafiti walieleza jambo kubwa zaidi. Waliwapa perege majike, ambao ovari zao zilikwisha kukamilika, dawa ya kuzuia aromatesi kwa muda mrefu, na ovari hizo zikageuka kuwa korodani zenye kutoa mbegu hai. Basi jike hakuamuliwa mara moja tu. Yu jike kwa kuwa kazi fulani ndani yake haijakoma.

Mtu aweza kusema, ikiwa maumbile yenyewe yameacha mlango wazi, kosa letu li wapi? Hoja hiyo hainitoshi. Mlango wa jirani ukiwa wazi, bado twabisha hodi. Walakini siwezi pia kumlilia samaki jinsia yake, nami nangoja kumkaanga. Naona swali la mzee lilihusu watu zaidi kuliko samaki. Homoni ile hutoweka mwilini mwa samaki muda mrefu kabla ya kuvuliwa, kwa hiyo mlaji hana haja ya kutetemeka. Lakini yuko kijana anayeichanganya kwa mikono mitupu, na yako maji yamwagwayo mtoni, ambayo wengine huyateka chini. Iko njia nyingine, iliyotumika Ufilipino katika miaka ya 1990: kuzalisha madume wenye Y mbili, ambao watoto wao huwa madume bila kuonja dawa. Dawa huonjwa na wazazi wachache waliotangulia. Ni njia ndefu, nami naipenda zaidi.

Na mzee? Aliambiwa ni madume, hakuambiwa wamefanywaje. Hakuwarudisha vifaranga wake. Alimwandikia aliyemwuzia, akitaka kujua dawa ilitolewa siku ngapi, na maji ya vyombo humwagwa wapi. Barua nilimsaidia kuiandika mimi. Hadi leo tunangoja majibu.