Sitara na Sindano

Neno "nasaha" lina maana mbili katika Kiarabu. Ya kwanza inajulikana na kila mtu wa mwambao: kumnasihi mwenzio ni kumpa rai njema kwa moyo safi. Ya pili imesahauliwa na wengi: katika Kiarabu cha kale, kitenzi hichohicho kilitumika kwa kazi ya mshoni, na uzi wa kushonea ulipata jina lake humo. Mwenye kunasihi, kwa maana hii, ni mwenye kuiunga nguo iliyochanika. Kiswahili cha leo kinapomwita mnasihi, au mshauri nasaha, yule anayekaa na mwenye dhiki ya moyo na kumsikiliza kwa miadi, kinazibeba maana zote mbili. Mgeni anayebisha hodi kwake kwa mara ya kwanza huitazamia ile ya mwanzo, kumbe atakayoikuta zaidi ni ya pili.

Hapo ndipo linapozuka suali zito la kimaadili. Watu wa mwambao wamelelewa katika sitara: ya nyumbani hubaki nyumbani, na siri ya mtungi aijuaye kata. Je, mtu akenda kwa asiyekuwa jamaa yake, mlango ukafungwa, akaeleza anavyopigwa na mumewe au anavyokesha tangu mwanawe azikwe, huwa amewavunjia wake sitara yao? Na wale anaowataja, ambao hawapo kujitetea, huwa amewasengenya?

Suali hili si la visiwani peke yake. Huko Namswea, wilayani Mbinga, katika nchi ya Wamatengo iliyo baina ya Songea na Ziwa Nyasa, mlima hulimwa kwa ngoro. Majani hukatwa na kulazwa kwa miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika, na mteremko mzima hujaa vishimo vinavyoipokea mvua isiondoke na rutuba ya shamba. Watu hao waliojua kuyatuliza maji walijua pia kuyatuliza maneno. Walikuwa na sengu: watu wa ukoo mmoja walikusanyika kwa mzee wao, wakala pamoja, wakayazungumza ya shamba, ya ndoa na ya ugomvi. Mwenye huzuni katika mkutano wa namna hiyo hahitaji miadi. Kukosa hamu ya kula mbele ya wenziwe hutosha kumsemea.

Lakini baraza la jamaa lina ukomo wake, liwe la Mbinga au la Makunduchi. Mjane anayeambiwa na shemeji zake kwamba ndiye aliyemroga mumewe ataisema wapi huzuni yake, ikiwa wanaokula naye sahani moja ndio wanaomtuhumu? Kijana aliyenajisiwa utotoni na ami yake atayatamka vipi mbele ya mzee ambaye ndiye baba wa ami huyo? Hapo sitara hugeuka kifuniko juu ya chungu kinachochemka. Jeraha lililotokea ndani ya nyumba haliponi kwa kufungiwa humohumo. Na mficha maradhi, wahenga walishasema, kilio humuumbua.

Basi ni nini kinachomngoja mtu kama huyo siku ya kwanza? La mwanzo ni hofu ya jina. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa 1927, na Kidongo Chekundu ya Unguja zimefanywa matusi na midomo ya watu, hata anayekwenda kuzungumza tu huogopa kuonekana mlangoni. Akishaingia, hakuti ubani wala ubao wa ramli. Kwa mpiga ramli, mgonjwa hunyamaza na mganga ndiye ayasemaye yaliyofichika. Hapa mambo ni kinyume chake, ajuaye ni mgonjwa. Wala hakuti kitubio, ambacho Wakatoliki wa Mbinga wamekizoea tangu utoto: mnasihi hana msamaha wa kutoa, kwani hakuletewa dhambi.

Atakuta maswali. Usingizi ukoje, chakula kinapita, dhiki ilianza lini, nani yuko karibu. Ataulizwa waziwazi kama amepata kufikiria kujiua, na asishtuke. Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, bali humpa aliye nalo ruhusa ya kulitua. Ataambiwa kwamba ayasemayo hayatatoka nje, na mnasihi mwaminifu huitaja pia mipaka ya ahadi hiyo tangu mwanzo: maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhuriwa, au mahakama ikiamuru. Muda wenyewe ni saa moja au pungufu, na huenda ukesha kabla ya maneno kwisha. Hapana sharti la kusema yote siku hiyo. Wengine hulia, wengine hukaa kimya, na kimya hicho hakiharakishwi. Wapo pia watokao wakiwa wazito kuliko walivyoingia, kwani kidonda kinapofunguliwa kitambaa huwasha. Kazi yenyewe huhitaji mikutano kadhaa, na nyoyo zisipopatana, kutafuta mnasihi mwengine si utovu wa adabu.

Wala si lazima msikilizaji awe na shahada ukutani. Mjini Harare, kuanzia mwaka 2006, daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda aliwafunza mabibi wa mitaani kukaa kwenye mabenchi ya zahanati na kuwasikiliza wenye ugonjwa ambao Washona huuita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Hatua ya mwanzo ya kazi yao huitwa kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Mabibi hao hawatoi amri. Humsaidia mtu achague tatizo moja na aitafute njia yake mwenyewe. Utafiti uliochapishwa 2016, uliowahusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye mabenchi hayo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ama kuhusu kusengenya, mlango huo haukufungwa na wenye elimu. Imam Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, alizitaja hali sita ambazo ndani yake kumsema asiyekuwepo kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni mwenye kudhulumiwa anaposhtaki na mwenye shida anapotaka fatwa. Msengenyaji hulitangaza jina la mtu ili limpungukie heshima. Mwenye dhiki hulitaja ili apate kupumua. Na ikisemwa kwamba mnasihi husikia upande mmoja tu, ni kweli, lakini yeye si kadhi. Hakai pale kumhukumu mume, shemeji wala ami.

Wala mnasihi hachukui nafasi ya jamaa. Mjane yule akitoka kwake atarudi kupika, kulima na kuishi na watu walewale, na huenda siku moja akapata nguvu ya kusema mbele yao. Mshoni hupewa nguo ikiwa imechanika, akaigeuza ndani nje ili auone mshono, naye mwenyewe amekaa pembeni na haya zake akisubiri. Akishamaliza humrudishia aivae. Haitundiki barazani.