Mauaji Huishia Wapi?

Sheria inalo jibu lake, nalo ni fupi: mauaji huishia pale muuaji anapohukumiwa. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, katika kikao chake mjini Kahama, iliwahukumu kunyongwa watu watatu waliomwua mtoto mwenye ualbino. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mauaji ya namna hiyo kufikia hukumu. Wengi wetu tuliozisikia habari hizo huku Mwanza tulishusha pumzi, tukadhani shauri limekwisha.

Miaka minne baadaye ikatokea filamu iliyonirudisha kwenye swali lile. Jina lake ni White Shadow, yaani Kivuli Cheupe, nayo ni kazi ya kwanza ndefu ya Noaz Deshe. Ilitengenezwa nchini mwetu, wakacheza humo watu wa hapa kama Hamisi Bazili na James Gayo, na mwaka 2013 ikapata katika tamasha la Venice tuzo itolewayo kwa filamu ya kwanza ya mtengenezaji. Kijana Alias, mwenye ualbino, anashuhudia baba yake akiuawa. Mama anampeleka mjini kwa mjomba wake Kosmos, dereva wa lori anayehangaika na biashara ndogondogo. Huko kijana anajifunza kuchuuza miwani na simu, anampenda binti wa mjomba, na anagundua kwamba hatari aliyoikimbia kijijini imemfuata hadi mjini. Si filamu nyepesi kuitazama, na mahali pengine picha zake zinamtatiza mtazamaji pasipo lazima. Lakini jambo moja imelishika barabara: kitendo chenyewe ni cha dakika chache, na filamu karibu yote iliyobakia ni ya hao walioachwa hai.

Sisi wa kando ya Ziwa twaweza kuwataja hao pasipo kutazama sinema. Yumo baba aliyemimina saruji juu ya kaburi la mwanawe ili wezi wa mifupa wasilifukue. Wamo watoto waliopelekwa katika shule ya Mitindo, Misungwi, na ile ya Buhangija, Shinyanga, wapate kulindwa. Mtoto yu salama, lakini analala mbali na mama yake. Mama huyo hakuuliwa mtu. Aliyeuawa alikuwa mtoto wa nyumba nyingine, pengine wa wilaya nyingine kabisa, na hata hivyo ni yeye aliyenyang'anywa mwanawe.

Hata vinywa vya wakubwa viliguswa. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi Bungeni alipokuwa akiieleza kauli yake kwamba wanaowaua watu hawa nao wauawe. Simlaumu kwa machozi. Ila kauli ile yaonyesha jinsi mauaji yanavyoweza kumfikisha hata mlinzi wa sheria mahali pa kuisahau sheria.

Sasa, ikiwa madhara yametapakaa hivi, je, na hatia imetapakaa vilevile? Hapa mwalimu na wanafunzi wake wabishane kwa makini. Yuko atakayesema kwamba tukiisambaza hatia kwa jamii nzima tutakuwa tumempunguzia mzigo aliyeshika panga, maana kosa la wote huwa si kosa la mtu. Hoja hiyo ina nguvu, nami naikubali nusu. Aliyeua ameua, na mganga aliyeagiza kiungo na tajiri aliyelipa, awe mvuvi au mchimba dhahabu, wana sehemu yao ambayo mtu mwingine hawezi kuibeba. Nusu nisiyoikubali ni ile inayotuacha sisi wengine tukiwa mashahidi tu. Panga halikuanza kazi siku ile. Lilitanguliwa na neno.

Neno lenyewe lilikuwa "dili". Zamani tulisema "zeruzeru", nalo lilikuwa na dharau ya kutosha. Lakini katika miaka ile vijiweni mtu mwenye ualbino akaanza kuitwa dili, yaani biashara yenye faida. Mimi ni mtu wa mashairi, kazi yangu ya jioni ni kupima maneno, na sijapata kukutana na neno la Kiswahili lililomgeuza mtu kuwa bidhaa upesi kiasi hicho. Ualbino hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, nao wanaweza kuwa na rangi kama yangu. Hakuna fumbo lolote ndani yake, wala bahati ya kuuzwa.

Nilikuwa melini kuelekea Ukerewe kwa kazi ya serikali. Mama mmoja alikuwa ameketi karibu na kingo, na mwanawe mwenye ualbino amevaa kofia pana, akitazama mitumbwi ya dagaa. Kijana mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti, "Dili hilo." Watu wakacheka. Mimi nami, mtumishi wa umma mwenye faili kwapani, nikatabasamu. Si kwa ubaya, bali kwa kuwa wengine walikuwa wanacheka. Yule mama akaniangalia mimi, hakumwangalia kijana. Kisha akamshika mtoto mkono wakaingia ndani, kwenye joto la mitambo, wakakaa huko safari nzima. Tulipofika Nansio walishuka wa mwisho, watu walipokwisha kutawanyika gatini.